Chumba Tulichokiita Houston

"Haaa."

Ndicho kitu cha kwanza nilichokisikia katika idara ya kromosomu, kabla sijaona mtu wala darubini. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Nyuma yake mtu alitoa pumzi ndefu ya moto, kama anayetaka kufuta miwani, akanyamaza. Kikasikika kitone kikigusa kioo, tik. Kisha tena: haaa. Nilisimama koridoni na kitambulisho changu kipya kifuani nikijiuliza kama mtu huyu ni mgonjwa, au anasali, au yote mawili.

Wadogo zangu mliobaki maabara, mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Vyeo sitavitaja, kwa sababu havikuwa vingi, na mshahara si hadithi. Nitaandika habari za pumzi, maji na chumba kimoja cha stoo. Kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa kuhesabu chembe za damu kwa mashine iliyofanya kazi yote yenyewe huku mimi nikiibembeleza isikwame. Mwaka 2017, katika umri ambao wenzangu walikuwa wakichagua viti vya kupumzikia, niliomba kuhamia kromosomu, katika maabara ileile ya Houston, Marekani. Nilikuwa na miaka mitatu tu kabla ya kustaafu. Ikawa miaka mitatu ya mapenzi, na mapenzi ya uzeeni, nawaambieni, hayana adabu hata kidogo.

Aliyekuwa akitoa pumzi alikuwa Papa Déo, mzee wa Bukavu, mrefu, mwembamba, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikawa na makali.

"Mama Tanzanie," akaniita, hata jina langu hajauliza, "uko naogopa nini? Ingia. Hapa hatuumaka watu."

"Nilisikia mtu anahema."

"Kuhema! Non, non. Niko nafanya kazi. Angalia."

Kwa asiyejua kazi yetu, iko hivi. Uboho wa mgonjwa wa saratani ya damu huja katika mrija wenye kifuniko cha kijani, kijiko kimoja cha chai, na hapo ni siku ya neema. Tunazilisha seli zake kwa siku moja au mbili, katika joto la mwili, ili zigawanyike. Zikiwa katikati ya kugawanyika, wakati kromosomu zimejikunja nene na kuonekana, tunatia dawa inayozisimamisha palepale. Yanafuata maji ya chumvi hafifu, na seli zinavimba kama maharage yaliyolowekwa. Baada ya hapo spiriti na asidi ya siki, ndiyo maana koti langu lilinuka kachumbari kwa miaka mitatu. Mwisho unabaki na maji machache yenye ukungu, na hayo unayadondosha tone kwa tone juu ya kioo chembamba.

Hapo ndipo roho inapokaa mkononi. Tone likitua vizuri, seli inalala, inatanuka, na kromosomu zake arobaini na sita zinatawanyika kila moja na nafasi yake, kama wageni waliokaribishwa mkekani. Likikauka haraka mno, zinabaki zimekumbatiana bonge moja. Likichelewa mno, zinasambaa mpaka hujui ipi ya nani. Unyevu wa hewa ndio unaoamua. Na njia kongwe kuliko zote ya kuongeza unyevu ni kukipumulia kioo.

Siku ile nilikipumulia cha kwanza. Papa Déo akakinyanyua kwenye mwanga, akakirudisha mezani kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza.

"Mama, unapuliza sawa mutu anazima mushumaa. Pumua. Sawa unapasha mukono ya mutoto baridi. Doucement, polepole. Kutoka tumboni."

"Haaa."

"Voilà! Sasa unafundishika."

Kupumua, basi, nilijifunza upya nikiwa na mvi. Nilipumua asubuhi, nilipumua mchana, nilipumulia kikombe cha chai bila kujua. Wiki ya pili niliketi kwenye darubini kuhesabu seli yangu ya kwanza, nikapata kromosomu arobaini na saba. Nikahesabu tena: arobaini na saba. Moja ya ziada inaweza kuwa habari mbaya sana kwa mtu. Nikamwita Papa Déo kwa sauti ya msiba. Akaangalia sekunde mbili.

"Hongera. Umegundua kromosomu ya vumbi."

Kilikuwa kipande cha uchafu wa rangi. Kwa mwezi mzima, kila nilipopita, aliniuliza kama vumbi langu limepewa namba. Mcheko mwingine wa namna hiyo sijaucheka maishani. Lakini siku seli ya kwanza ilipofunguka vizuri chini ya jicho langu, mistari myeusi na myeupe ikijipanga kwenye kila kromosomu, nilishindwa kunyamaza. Nilipiga kigelegele. Maabara nzima ikageuka. Ile ilikuwa ni sisi, jamani! Mtu mzima, ameandikwa kwa milia!

Mwishoni mwa 2019 binti yangu wa Lewisville, karibu na Dallas, alijifungua mapacha, nami nikahamia Dallas, katika maabara ya Carrollton, kumalizia miezi yangu. Papa Déo alinipa zawadi ya kuagana: pipeti yake ya zamani ya kudondoshea matone, kichwa chake kimefungwa plasta. "Mikono unayo," akasema. "Pumzi unayo. Nenda uwaoneshe."

Nikaenda na majivuno yote ya mwanafunzi wa mwalimu mkubwa. Carrollton nilimkuta Karimi, Mkenya wa Meru, macho makali kama ya ndege, na ulimi pia. Siku ya kwanza aliniona nikipumulia kioo akaegemea meza, akaniita mama kwa lugha ya vijana wa kwao.

"Mathe, unawasha makaa ama?"

"Nafanya kazi. Angalia ujifunze."

Vuli ile hali ya hewa ilinihurumia, mvua zilikuwa nyingi, na vioo vyangu vilipendeza. Kisha ikaja Januari, baridi kavu ya Dallas, na pamoja nayo ukaja mrija mmoja.

Jina la mgonjwa hatukuwahi kulijua. Kwetu alikuwa namba. Fomu ilisema mwanamke, umri wa miaka thelathini na moja, saratani kali ya damu, vipimo vya kromosomu kwa haraka. Chini, kwa mwandiko wa daktari wake, palikuwa na maneno niliyoyasoma mara tatu: ndugu wa kufanana naye uboho hakuna, na mchangiaji wa uboho asiye ndugu hajapatikana. Matibabu yanaanza leo.

Niwaeleze maana yake, kwa sababu vijana wengine hupitisha fomu kama tiketi ya basi. Kasoro nyingi za kromosomu katika saratani ile humpeleka mgonjwa kwenye kupandikizwa uboho, na huyu hakuwa na wa kumpandikizia. Ziko chache, hata hivyo, ambazo ukizikuta unashukuru, kwa sababu zinaitikia dawa za kawaida vizuri sana, na kupandikiza kunaweza kusubiri, pengine kusihitajike kabisa. Daktari alitaka kujua: yupo upande upi? Na kwa kuwa matibabu yalianza siku ileile, mrija mwingine wa kabla ya dawa usingekuja. Hizi ndizo zilizokuwa seli zetu pekee.

Zikalishwa, zikasimamishwa, zikavimbishwa. Nikakaa mezani, kioo kimeloweshwa, pipeti ya Papa Déo mkononi, mkono umeinuka kimo cha bega kama nilivyofundishwa. Tik. Haaa. Nikaweka chini ya darubini.

Mabonge.

Nikapumua zaidi. Mabonge. Nikainua mkono zaidi, nikashusha, nikapumua mpaka kizunguzungu. Nilitumia vioo sita. Kila seli iliyokuwa ikigawanyika ilikuwa imejikunyata kama mtu aliyevuliwa blanketi.

Karimi aliinama juu ya darubini, na kwa mara ya kwanza hakufanya utani. "Aki Mathe, hizi hazisomeki. Hata moja."

Nikanyanyua mrija kwenye mwanga. Yalibaki matone manne. Matano, kwa kumwomba Mungu. Yaliyopotea niliyapoteza mimi, kwa mkono wangu na kwa kiburi changu, na hilo nawaandikia bila kulipamba: sikutakiwa kujaribu mara sita. Ukiona kimoja kimeharibika, simama.

Mkuu wa maabara, daktari mpole mwenye miwani mikubwa, alisikiliza akiwa ameshika kalamu. Akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba hutokea, kwamba ataandika seli hazikutosha.

"Nipe mpaka kesho," nikamwambia.

"Kwa matone manne?"

"Manne."

Aliangalia mrija, akaniangalia mimi, akaifunika kalamu. "Mpaka kesho saa tisa. Baada ya hapo nampigia daktari wake."

Nilikimbilia koridoni nikampigia simu Papa Déo. Nikamweleza yote, vioo sita vilivyopotea, matone manne yaliyobaki, mwanamke asiye na ndugu wa kumpa uboho. Hakunipa pole.

"Unyevu iko ngapi kule kwenu?"

Ukutani palikuwa na kifaa cha duara ambacho kwa miezi mitatu nilidhani ni saa mbovu. Kumbe kilipima unyevu wa hewa kwa asilimia; nikakisoma.

"Kumi na nane."

Akacheka mpaka akakohoa. "Dix-huit! Mama Tanzanie, ile si hewa. Ile ni biskuti!"

"Lakini napumua vilevile ulivyonifundisha."

"Sikiliza. Hapa Houston, hewa iko majimaji. Mimi napumua kidogo, yeye anamaliza. Tulifikiri ni pumzi yetu, mimi na weye. Kumbe nilikufundisha nusu ya kazi. Nusu ingine ilikuwa inaingia kwa dirisha."

Mwalimu wangu mkubwa, na mimi mwanafunzi wake mkubwa, tulikuwa tukijisifia hali ya hewa.

"Sasa nifanye nini?"

"Tengeneza Houston," akasema, na simu ikakatika, kwa sababu alikuwa na vioo vyake vinakauka.

Nilirudi ndani nikicheka peke yangu. Hofu kwa ajili ya mgonjwa yule ilikuwa palepale, na juu yake kicheko kilikuwa kinarukaruka kama mbuzi.

"Karimi! Tunajenga Houston!"

"Mathe, umeshikwa na homa?"

Tulikwenda kwenye stoo ndogo isiyo na tundu la kuingiza hewa moto inayokausha. Tukatoa maboksi ya glavu, tukaingiza meza na bafu la maji ya moto, beseni la umeme la kupashia mirija, tukafungua mfuniko wake, mvuke ukaanza kupanda. Tukalowesha mataulo, tukayatundika kwenye migongo ya viti, kwenye ngazi, kwenye kitasa. Karimi akaning'iniza kile kifaa changu cha ukutani kwenye msumari na kukisoma kwa sauti kama mtangazaji wa mpira.

"Ishirini na tano! Thelathini na moja! Mathe, mvua inakuja! Thelathini na nane!"

Nywele zetu zikajikunja. Sakafu ikateleza. Ilipofika hamsini na mbili, nilitokwa na jasho la mgongoni ambalo nililijua vizuri, na nikaapa kwamba nasikia harufu ya barabara za Houston baada ya manyunyu.

Hapo mlango ukafunguka. Mkuu wa maabara akaingia, na miwani yake ikageuka mara moja kuwa vipande viwili vya maziwa. Alisimama hivyohivyo, haoni kitu.

"Kuna bomba limepasuka?"

"Hapana, daktari," Karimi akajibu. "Ni Houston. Tafadhali funga mlango, unyevu unatoroka."

Akaufunga. Akiwa ndani. Akavua miwani, akakaa juu ya boksi la glavu, akatuangalia kama mtoto aliyeletwa sarakasi.

Safari hii sikugusa matone yale manne kwanza. Nilichukua mabaki ya sampuli nyingine ambayo ripoti yake ilishatoka na ilikuwa inasubiri kutupwa, nikajaribia hiyo. Andikeni hili mahali: tone la mwisho la mgonjwa si uwanja wa mazoezi. Na kama mna vioo vingi, msituige kwenye stoo, harufu ya spiriti ni hatari; mtumie kabati la kunyonya hewa.

Kioo cha mazoezi kikafunguka kama ua. Cha pili pia.

"Sasa," nikasema.

Matone mawili kioo cha kwanza, mawili cha pili. Tik. Pumzi kidogo tu, ya heshima, maana hewa ilikuwa tayari inafanya kazi yake. Nikaviacha vikauke polepole. Tone la tano halikuwahi kuwepo.

Kesho yake vilipotoka kwenye rangi, seli za kusomeka zilikuwa tisa. Tisa! Tulizigawana mimi na Karimi, kila mmoja na darubini yake, na nikasoma ya kwanza mara mbili bila kuona kasoro. Nikaisoma mara ya tatu, nikakwama kwenye kromosomu ya kumi na sita.

"Karimi. Njoo uone kumi na sita."

Akaja. "Iko sawa. Urefu sawa, unene sawa."

"Soma milia yake."

"Wueh. Katikati si poa sana, lakini hiyo ni rangi tu imekolea."

"Umewahi kuona mwanamke amefunga leso juu chini?" Leso, kwa Wakenya, sisi tunaita kanga. "Nguo ni ileile, rangi zilezile, ukubwa uleule. Ukipita mbio huoni kitu. Mpaka usimame usome jina, ndiyo unakuta maandishi yamegeuka."

Akarudi kwenye darubini yake, kwenye seli ambazo alikuwa ameshazipitisha. Nilisikia gurudumu la kulenga likienda na kurudi, kwenda na kurudi.

"Mathe," akasema polepole. "Hapa imegeuka."

"Na ya pili?"

"Na ya pili. Mathe. Na hii pia! Zote zimefunga leso juu chini!"

Kipande cha katikati cha kromosomu ya kumi na sita kilikuwa kimekatika, kikapinduka, kikajishona tena mahali palepale. Ni kasoro moja ya zile chache. Moja ya zile unazozishukuru.

Hatukupiga kelele bado. Tulipeleka kioo kwenye kipimo cha taa, ambapo rangi mbili, nyekundu na kijani, hushika ncha mbili za sehemu ile. Kromosomu ikiwa nzima zinakaa pamoja, ikivunjika zinaachana. Mkuu wa maabara alikaa mwenyewe kwenye darubini ile ya giza. Saa nane na nusu alitoka, akaomba simu, akampigia daktari wa mgonjwa tukiwa tumesimama mbele yake kama wanaosubiri matokeo ya mtihani.

"Ndiyo," alisema kwenye simu. "Ndiyo, tuna uhakika. Zimeachana." Akasikiliza muda mrefu, kisha akaweka simu chini. "Anasema hatatafuta mchangiaji wa uboho kwa sasa. Atampa dawa na kuangalia."

Karimi alinishika kiuno tukacheza koridoni, mkuu wa maabara akipiga makofi nje ya mdundo kabisa. Jioni nilimpigia Papa Déo. "Houston yako iko imefika Dallas," nikamwambia kwa Kiswahili chake, vibaya. Akauliza kama atahitaji viza kuingia.

Machi zikaja barakoa, na pumzi ikawa kitu cha kuogopwa. Fikirini: kazi iliyosimama juu ya kupumulia vioo, na sasa mdomo umefungwa! Maabara ambazo hazikuwa zimejipanga zilihangaika. Sisi tulikuwa na stoo. Karimi alibandika mlangoni karatasi yenye neno moja, HOUSTON, na bafu la maji likapewa mahali pa kudumu, na kabati la hewa likaletwa, na tukadondosha matone tangu asubuhi hadi jioni bila "haaa" hata moja. Niliikosa sauti ile. Wakati mwingine niliitoa kimyakimya nyuma ya barakoa, na miwani yangu ikanisaliti.

Siku yangu ya mwisho ilikuwa mwezi wa Julai. Asubuhi nilirudisha kitambulisho, kwa sababu ofisi ilitaka kufunga faili mapema. Keki ililiwa nje kwenye maegesho, kila mtu mbali na mwenzake, juani, siagi yake ikiyeyuka kama mshumaa. Nilitakiwa kuondoka saa saba.

Saa sita Karimi alinijia na trei ya vioo, macho yake juu ya barakoa yamepanuka.

"Mathe, angalia namba."

Niliijua kama ninavyojua siku za kuzaliwa za wajukuu. Alikuwa yeye. Uboho wa kupima baada ya kumaliza dozi zake zote. Kama leso ile ya juu chini ingekuwepo hata kwenye seli chache, maana yake dawa hazikutosha, na mtu yuleyule asiye na ndugu wa kumfaa angerudi mwanzo.

"Nilizidondosha jana Houston," akasema. "Seli ni nyingi. Utaondoka?"

"Niondoke niende wapi?"

Kanuni ni seli ishirini. Kumi zake, kumi zangu. Seli ya kwanza, kromosomu zake mbili za kumi na sita zote zimesimama wima, jina juu. Mbili. Tatu. Saa saba ikapita. Nne, tano, nikasimama nikanywa maji, nikarudi. Tisa. Ya kumi niliihesabu mara tatu, na kwenye mara ya pili nikapata arobaini na saba, na nikacheka kwa sauti, maana Papa Déo alinitumia salamu: lilikuwa vumbi.

"Kumi zangu safi," nikasema.

Gurudumu lake likaenda, likarudi.

"Karimi?"

"Ngoja, Mathe, usinihesabishe vibaya." Kisha akaegemea nyuma. "Kumi. Safi."

Ishirini kwa ishirini. Kipimo cha taa kilikuwa kimeshasomwa asubuhi na mkuu mwenyewe, rangi zimekaa pamoja, alikuwa anasubiri matokeo yetu. Najua, nanyi mnajua, seli ishirini si ahadi ya maisha. Lakini siku ile sikuwa na nafasi ya kujua vizuri hivyo. Nilipiga kigelegele nyuma ya barakoa, kikatoka kama filimbi ya treni iliyofunikwa blanketi, na mwanamke mmoja mahali fulani, nisiyemjua sura, alikuwa na kromosomu zilizovaa vizuri.

Nilichukua mkoba wangu. Pipeti yenye plasta nilimwachia Karimi, ambaye alikuwa ameshaingia Houston na trei nyingine, mrija mwingine, namba nyingine. Nilichungulia ndani kuaga. Mvuke ulinipokea usoni kama jamaa. Alikuwa ameinua mkono kimo cha bega, tone linaning'inia.

"Nenda salama, Mathe," akasema bila kugeuka. "Na mlango. Unyevu unatoroka."

Nikatoka, nikaufunga nyuma yangu.